Fitzgerald: ubini uliogoma kubadilika

Kiswahili kina neno ambalo tunalitumia bila kulitazama: ubini. Fomu ikikuuliza ubini wako unaandika jina la baba au la ukoo, unaweka saini, unaondoka. Lakini ndani ya neno hilo amejificha "bin", yaani mwana wa, kijineno kilichokuja na Kiarabu kikaota mizizi pwani yetu. Kwa hiyo tunapoulizana jina la ukoo, kwa lugha yenyewe tunaulizana: wewe ni mwana wa nani?

Wanormani, wale watu wa kaskazini ya Ufaransa walioiteka Uingereza mwaka 1066, walikuwa na swali hilohilo na kijineno chao cha kulijibu: "fitz". Wengi wetu tumekutana nacho katika jina la Fitzgerald, ama kupitia Rais John Fitzgerald Kennedy wa Marekani, ama kupitia sauti ya Ella Fitzgerald. Ukiuliza asili ya jina hilo utapewa majibu yanayogongana. Huyu atasema ni la Kiayalandi, yule la Kifaransa, mwingine la Kiingereza. Wapo wanaolipeleka hadi Florence, Italia. Na wapo watakaokunong'oneza kwamba fitz maana yake ni mwana haramu. Ni fundo hasa, na mimi nimevutiwa nalo kwa sababu ukilifungua unaona kitu ambacho ni nadra kukiona: namna ubini wa mtu mmoja unavyoganda na kuwa ukoo wa maelfu.

Tuanze na herufi nne za mwanzo. Kilatini kwa mwana ni "filius". Kifaransa cha zamani kililifupisha neno hilo likawa "fiz", na ile z ya mwisho ilitamkwa kama ts. Ndiyo maana tahajia iliyobaki Uingereza na Ayalandi ikaingiza t katikati: fitz. Kifaransa cha Ufaransa kiliendelea na njia yake kikafika kwenye "fils" ya leo, ambayo hata ile ts ya zamani haisikiki tena. Kwa hiyo mtu akikuambia Fitzgerald ni la Kifaransa, hajakosea kuhusu neno, ila ukienda Normandy kutafuta ukoo wenye jina hilo utarudi mikono mitupu. Mtindo wa fitz ulistawi ng'ambo ya bahari, baada ya Wanormani kuhamia.

Tena katika maandishi ya wakati ule neno fitz lenyewe huonekana kwa nadra. Makarani waliandika Kilatini. Hati ya karne ya 12 itamtaja mtu kama "Mauricius filius Geraldi", Maurice mwana wa Gerald, hata kama mezani kwake anaitwa kwa Kifaransa. Ni maelezo mafupi juu ya mtu, yaliyoandikwa ili asichanganywe na Maurice mwingine. Mwanawe hapokei maelezo hayo, anapata ya kwake. Sisi tunalielewa jambo hili upesi kuliko Mwingereza wa leo: Juma bin Ali akipata mtoto akamwita Salum, mtoto ni Salum bin Juma, na jina la Ali linarudi nyuma hatua moja. Wakalenjin wana "arap", Wamaasai wana "ole", na kazi ni ileile.

Hapo pia ndipo uvumi wa mwana haramu unapoanguka. Kati ya Wanormani, aliyezaliwa ndani ya ndoa na aliyezaliwa nje ya ndoa wote waliitwa fitz fulani. Uvumi ulitokana na wafalme wa baadaye, ambao walilifufua neno hilo, likiwa tayari na harufu ya kale, na kuwapa watoto wao wa nje ya ndoa: FitzRoy, mwana wa mfalme, jina walilopewa mtoto wa Henry VIII na baadaye watoto kadhaa wa Charles II, FitzJames kwa mwana wa James II, FitzClarence kwa watoto wa William IV. Majina hayo yalikuja karibu miaka mia nne au zaidi baada ya Gerald wetu kuzikwa.

Na huyo Gerald ni nani?

Baba yake aliitwa Walter, na orodha kubwa ya ardhi iliyoandikwa kwa amri ya William Mshindi mwaka 1086 inamtaja kama Walter mwana wa Other. Alikuwa msimamizi wa ngome ya Windsor, ileile ambayo hadi leo ni makazi ya wafalme wa Uingereza. Juu ya Other hakuna tena kitu cha kushika. Gerald hakuwa mrithi mkubwa wa Walter, na mtoto wa aina hiyo ilimpasa kwenda kutafuta riziki yake mpakani. Mpaka wake ulikuwa kusini-magharibi ya Wales, Pembroke, ambako bwana wake Arnulf wa Montgomery alijenga ngome ya miti na udongo mwaka 1093 na kumwachia aishike.

Ngome hiyo nusura imponyoke. Watu wa Wales waliizingira, chakula kikapungua, na usiku mmoja askari farasi 15 wakatoroka kwa mashua. Gerald akawavua ardhi zao papo hapo na kuwagawia watumishi waliokuwa wakiwabebea silaha, nao wakawa askari farasi kabla jua halijachomoza. Kisha akaagiza nguruwe wanne waliobaki wakatwe vipande, nyama ikarushwa nje ya boma kuelekea kwa adui, kana kwamba ndani wameshiba hadi wanatupa. Kesho yake akaandika barua kwa bwana wake akisema hahitaji msaada kwa miezi minne ijayo, akaipiga muhuri wake, na kuhakikisha imedondoshwa karibu na nyumba ya askofu, ambapo ingeokotwa na kusomwa. Waliozingira waliposikia yaliyomo wakakata tamaa na kutawanyika makwao. Haya aliyaandika mjukuu wake, Gerald wa Wales, kasisi na mwandishi aliyeupenda ukoo wake kupita kiasi, kwa hiyo uyasome ukikumbuka nani anasimulia. Lakini hata ukipunguza chumvi, anabaki mtu wa akili nyepesi mahali pagumu.

Gerald alimwoa Nest, binti wa Rhys ap Tewdwr, mfalme wa Deheubarth, ufalme wa kusini ya Wales, aliyeuawa mwaka 1093. Hapa naomba tutulie kidogo, maana nadhani historia nyingi za jina hili humpita Nest haraka mno. Ukoo umebeba jina la baba, lakini bila mama huyu pasingekuwa na ukoo wa kuubeba.

Mwaka 1109 Owain ap Cadwgan, mwana wa mtawala jirani na ndugu wa Nest kwa damu, alikuja usiku na kikundi kidogo cha watu wake, wakachimba chini ya kizingiti cha lango na kuwasha moto nyumba. Kumbukumbu za nyakati za Wales zinasema ni Nest aliyemzuia mumewe asikimbilie mlangoni, akijua wanamngoja hapo, akamwongoza hadi chooni. Gerald akateremka kupitia shimo la choo, akaokoka. Nest akabaki na watoto na kupaza sauti kwamba mnayemtafuta hayupo. Owain akamchukua yeye na watoto. Baadaye Nest alisihi hadi watoto wakarudishwa kwa baba yao. Miaka saba ikapita, na mwaka 1116 watu wa Gerald wakamuua Owain.

Sasa hesabu watoto wa Nest, kwa sababu ndipo maana ya fitz inapoonekana wazi kuliko katika kamusi yoyote. Kwa Mfalme Henry I, ambaye hakuwa mumewe, alimzaa Henry FitzHenry. Kwa Gerald alizaa William, Maurice na David, wote wana wa Gerald, na binti aliyeitwa Angharad. Kwa Stephen, msimamizi wa ngome ya Cardigan, alimzaa Robert FitzStephen. Mama mmoja, tumbo moja, na "majina ya ukoo" matatu. Hakuna hata mmoja aliyeona ajabu, kwa kuwa hayakuwa majina ya ukoo.

Hata watoto wa Gerald hawakubaki pamoja kwa jina. Wazao wa William walijiita kwa mahali walipokaa, Carew, na jina hilo lipo hadi leo. Angharad aliolewa na William de Barri wa Manorbier, na wajukuu wa Nest kwa upande huo ndio chimbuko la akina Barry wa Cork, pamoja na yule kasisi mwandishi. Kwa hiyo Carew, Barry na Fitzgerald ni majina matatu ya nyumba moja. Ni Maurice peke yake ambaye jina la baba yake lilikuja kudumu, na lilidumu kwa sababu alivuka bahari.

Mwaka 1166 mfalme wa Leinster, Diarmait Mac Murchada, alifukuzwa katika ufalme wake huko Ayalandi, akaanza kutafuta mamluki. Aliwapata kwa Nest. Robert FitzStephen alitua kwanza, mwaka 1169, Bannow katika pwani ya Wexford, akiwa na merikebu tatu. Ndugu yake wa tumbo moja, Maurice FitzGerald, akafuata muda mfupi baadaye na merikebu mbili, askari farasi 10, wapiga mishale 30 wenye farasi na wengine 100 hivi wa miguu. Mjukuu wa Nest, Meiler FitzHenry, alikuwamo. Robert de Barri, mjukuu mwingine, alikuwamo. Mwaka uliofuata mjukuu mwingine tena, Raymond aliyepewa lakabu ya Mnene, alitua Baginbun, na nyuma yake akaja Richard de Clare, anayejulikana kama Strongbow. Mwaka 1171 Mfalme Henry II mwenyewe alivuka, akihofu vijana hawa wasijijengee ufalme wao.

Vitabu huwaita watu hawa Wanormani wa Kiingereza. Sina ugomvi na istilahi hiyo, ila tukumbuke kwamba Maurice alikuwa nusu mtu wa Wales, alizaliwa Wales, na pengine Uingereza yenyewe ilikuwa kwake njia tu ya kupita kumwona mfalme. Waayalandi waliwaita kwa neno moja la jumla: Gaill, wageni.

Maurice alipata ardhi ya Naas na kufariki mwaka 1176. Ukisoma orodha ya wazao wake waliotawala kusini utaona jambo la kupendeza. Maurice FitzGerald alimzaa Thomas FitzMaurice. Thomas akamzaa John FitzThomas. John akamzaa Maurice FitzJohn. Baba na mwana hawa waliuawa siku moja, katika vita vya Callann mwaka 1261, dhidi ya ukoo wa Mac Carthaigh. Maurice aliacha mwana, Thomas FitzMaurice, naye akamzaa Maurice FitzThomas, ambaye mwaka 1329 alipewa cheo cha Earl wa Desmond, yaani kabaila mkuu wa Munster Kusini. Vizazi sita, na ni wa kwanza tu aliyekuwa FitzGerald kwa maana halisi. Upande wa kaskazini vilevile: aliyefanywa Earl wa kwanza wa Kildare mwaka 1316 aliitwa John FitzThomas. Nyumba mbili kubwa za Fitzgerald zilianzishwa na watu wawili ambao wote wawili walikuwa wana wa Thomas.

Basi jina liliganda vipi?

Naliona hivi. Jina lilianza kwa watu wengi kwa pamoja kabla ya kumshukia mmoja mmoja. Yule kasisi Gerald wa Wales, alipoandika juu ya uvamizi wa Ayalandi, aliwasifu jamaa zake kama kundi, wazao wa Gerald, kwa namna ambayo Kilatini huwezesha neno moja kulibeba kundi zima. Wapinzani na makarani wa mfalme nao walihitaji namna ya kuwataja kwa jumla: hawa wa Gerald wanagombana na akina de Burgh, hawa wa Gerald wanadai ardhi ile. Ukisikia unatajwa hivyo miaka mia mbili, na ardhi yako, marafiki zako na maadui zako wote wakiufuata utajo huo, babu wa mbali anakuwa na thamani kuliko baba. Kufikia karne ya 15 unakuta majina yenye ghorofa mbili, kama lile la Thomas FitzMaurice FitzGerald, Earl wa 7 wa Kildare. FitzMaurice ni baba yake hasa. FitzGerald ni ukoo.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, ana jina la muundo huohuo: "bin Rashid" ni lake, litabadilika kwa mwanawe; "al-Mazrui" ni la wote na halibadiliki. Tofauti ni kwamba Kiarabu kina kipashio kimoja cha baba na kingine cha ukoo, wakati Wanormani walitumia fitz kwa vyote viwili, na ndiyo sababu inachanganya. Ghorofa ya chini ilipoanguka, ile ya baba, ilibaki ya juu peke yake, na watu wakasahau kwamba iliwahi kuwa na maana.

Koo nyingine za uvamizi huo zilifuata njia tofauti. Akina Butler walipata jina kwa kazi, maana babu yao Theobald Walter alikuwa mkuu wa vinywaji wa mtawala wa Ayalandi kuanzia mwaka 1185. De Burgh, jina la mahali, lilizungumzwa Kiayalandi hadi likawa Burke. Butler na Fitzgerald waligombana kwa karne nyingi, kiasi kwamba bunge lililokaa mwaka 1494 na 1495 lilipiga marufuku milio yao ya vita, "Crom abú" ya Kildare na "Butler abú" ya wapinzani. Katika kanisa kuu la Mtakatifu Patrick jijini Dublin kuna mlango wa mbao wenye tundu katikati. Husimuliwa kwamba mwaka 1492 mmoja wa akina Butler alijifungia nyuma yake akihofia maisha yake, na Gerald FitzGerald, Earl wa Kildare, akaagiza mlango utobolewe, akapenyeza mkono wake mtupu upande wa pili ambako ungeweza kukatwa, mpaka ukashikwa na kupewa salamu.

Tazama tena hiyo milio ya vita. "Abú" ni Kiayalandi. Wageni walikuwa wamekuwa wenyeji, na hapo ndipo jibu la "ni jina la Kiayalandi" linapopata haki yake. Mwaka 1366 serikali ya mfalme wa Uingereza ilitunga sheria za Kilkenny, zikiwakataza walowezi kutumia lugha ya Kiayalandi na majina ya Kiayalandi. Sheria hizo za kulinda Kiingereza ziliandikwa kwa Kifaransa. Na mwaka uliofuata mfalme alimteua nani kuwa mwakilishi wake mkuu Ayalandi? Gerald FitzMaurice, Earl wa 3 wa Desmond, mtunzi wa mashairi kwa Kiayalandi, ambayo baadhi yake tunayo bado. Moja linalojulikana sana huhusishwa naye, nalo linawakemea wanaowasema vibaya wanawake. Watu wake walimwita Gearóid Iarla, na hadithi za Limerick zinasema hakufa mwaka 1398, bali analala chini ya maji ya ziwa Lough Gur, na kwamba hutoka mara moja kila miaka saba akiwa juu ya farasi mwenye viatu vya fedha. Kwa Kiayalandi jina lao likawa Mac Gearailt, ambalo nalo ni mwana wa Gerald, neno kwa neno. Magharibi ya Kerry bado wapo wanaoitwa hivyo.

Kuanguka kwao kulikuwa kukubwa kama kupanda. Mwaka 1534 Thomas FitzGerald, kijana aliyeitwa Thomas wa Hariri kwa pindo za hariri kwenye kofia za vita za watu wake, aliingia katika baraza la mfalme huko Dublin na kutupa chini upanga wa utawala. Ngome ya Maynooth ilianguka mwaka 1535. Tarehe 3 Februari 1537 alinyongwa Tyburn, London, pamoja na baba zake wadogo watano, wakiwamo wasiounga mkono uasi wake. Mrithi aliyebaki alikuwa mdogo wake wa miaka kama 10, Gerald, aliyefichwa nyumba hadi nyumba kisha akavushwa hadi Ulaya bara. Kusini nako, Earl wa mwisho mkubwa wa Desmond aliuawa milimani karibu na Tralee mwezi Novemba 1583, kichwa chake kikapelekwa London, na ardhi ya Munster ikagawiwa walowezi wapya, akiwamo Walter Raleigh.

Yule mtoto aliyekimbizwa alifika hadi Italia, na hii inanileta kwenye hadithi ya Florence. Ukoo wa Gherardini wa mji huo, ambao ndio wa Lisa Gherardini aliyechorwa na Leonardo da Vinci, uliamini kuwa ni ndugu wa akina Fitzgerald, nao Fitzgerald wakapenda kuamini hivyo. Mwaka 1507 Earl wa Kildare aliwaandikia Gherardini barua kama jamaa. Ni hadithi tamu, lakini msingi wake ni kufanana kwa majina, Gherardo na Gerald, na Gerald lilikuwa jina la kawaida la Kijerumani cha kale, lenye maana ya mkuki na utawala, lililozagaa nusu ya Ulaya. Nyuzi za maandishi zinafika kwa Walter na Other, zinakatika. Ngano nyingine ya nyumba hii, ya tumbili aliyemwokoa mtoto mchanga wa ukoo, huelezwa na Kildare na Desmond kila mmoja kwa mtoto wake, na nembo ya familia ina tumbili hadi sasa.

Kuna mtego mmoja zaidi. Si kila fitz ni Mnormani. Fitzpatrick ni Waayalandi halisi, Mac Giolla Phádraig, mwana wa mtumishi wa Patrick. Mkuu wao alipojisalimisha kwa Henry VIII na kufanywa kabaila mwaka 1541, jina lilivikwa vazi la Kinormani. Mac iligeuzwa fitz kwa sababu fitz ilionekana ya heshima mbele ya mfalme.

Karne ya 18 nyumba ya Kildare ilikuwa imerudi kileleni. James FitzGerald alijenga kasri kubwa Dublin kati ya 1745 na 1748, na alipofanywa Duke wa Leinster mwaka 1766 kasri likaitwa Leinster House. Mwanawe, Lord Edward, alikuwa ofisa wa jeshi la Uingereza mwenye miaka 17 alipojeruhiwa vibaya huko Eutaw Springs, Carolina Kusini, Septemba 1781. Aliyemkuta uwanjani, akambeba na kumuuguza alikuwa Mwafrika aliyetoroka utumwa, Tony Small. Hawakuachana tena. Small alikwenda naye Ayalandi akiwa mtu huru mwenye ujira wake, na Lord Edward aliagiza mchoraji amchore. Mtu huyu wa ukoo wa watawala baadaye akawa miongoni mwa viongozi wa mapinduzi dhidi ya utawala wa Uingereza. Alikamatwa Mei 1798 na kufa kwa majeraha gerezani tarehe 4 Juni. Ninapoona majina ya mashujaa wa mwaka huo, huwa natafuta kama Tony Small ametajwa.

Jina lenyewe kufikia hapo lilikuwa limeshatoka mikononi mwa makabaila. Limerick, Kerry, Cork na Waterford zilijaa wakulima walioitwa Fitzgerald, na njaa kuu ya 1845 hadi 1852 iliyoua watu milioni moja hivi iliwasukuma wengine wengi kuvuka bahari. Kutoka Bruff, kijiji kisicho mbali na lile ziwa la Gearóid Iarla, aliondoka Thomas Fitzgerald akafika Boston. Mwanawe John akawa meya wa jiji hilo. Binti wa meya, Rose, akaolewa na Joseph Kennedy, na mtoto wao wa pili akapewa jina la babu mzaa mama: John Fitzgerald. Wakati huohuo jina lilikuwa limeingia pia kwa Wamarekani Weusi, na Ella Fitzgerald, aliyezaliwa Virginia mwaka 1917, alilipata kwa baba yake. Herufi zilezile, damu nyingine kabisa.

Leinster House iliuzwa mwaka 1815, na tangu 1922 ni bunge la Ayalandi. Tarehe 28 Juni 1963 Rais Kennedy alisimama ndani yake kuhutubia. Aliwaambia wabunge kwamba jengo hilo zuri lilikuwa mali ya akina Fitzgerald, ila hakuja kulidai. Kisha akasema kwamba kati ya ndugu wote wapya aliowapata katika safari ile, anasikitika hakuna aliyekwisha kumwonyesha uhusiano wowote kati yake na Lord Edward.